Treni Niliyoizika Ikiwa Hai

Leo nimetangaza kifo cha kitu kilicho hai, mbele ya mwenyewe. Naandika mapema kabla mke wangu hajawasimulia kwa njia yake.

Jirani yangu hapa Ziwani, Mzee Salim, alifanya kazi karakana ya reli mpaka akastaafu. Ana treni ndogo ya umeme ya kuchezea, ya zamani sana, nzito kama pasi ya makaa. Anaipenda kuliko redio yake, na redio yake haiguswi. Lakini alipatwa na mtoto wa jicho, akawa anaiona kama kivuli kinachopita. Juzi amepasuliwa, na leo alikuwa anatolewa bandeji. Aliomba jambo moja tu: akirudi kutoka hospitali, aikute treni yake inazunguka.

Mkewe, Bi Zuhura, aliijaribu jana jioni. Ikatoa cheche, ikatoa harufu, ikanyamaza. Akanijia mbio.

"Baba Nekesa, mzee asijue. Itengeneze tu."

Mimi umeme sikuusomea darasani. Nimejifunza kwa vitabu vya mitumba na kwa pasi za majirani (zilizopona na zisizopona). Ndiyo maana hufuata utaratibu. Sibahatishi.

Nikafika asubuhi na mita, bisibisi na balbu ya pikipiki. Hiyo balbu naiunga kati ya transfoma na reli. Kukiwa na shoti, yaani umeme umepata njia ya mkato, inawaka kwa nguvu zote na kuikinga mota isiungue. Shoti ikiisha, balbu inafifia na treni inakwenda. Ni kipimo kisichodanganya. (Kisichodanganya mtu anayekisikiliza.)

Nikavua gamba la treni. Kosa nikaliona papo hapo: waya mmoja umechakaa, shaba iko wazi, inagusa chuma. Nikaufunika vizuri. Nikajisemea kazi imekwisha. Na kweli ilikuwa imekwisha, ila hilo nilikuja kulijua wakati pilau imeshaiva.

Maana hapo ndipo skrubu ilipoangukia mkekani. Mkeka wa Bi Zuhura umesukwa kwa ukindu na unameza skrubu kama kuku anavyomeza mchwa. Tuliisaka kwa magoti hadi tukaipata.

"Chukua sinia langu ufanyie hapo," akasema. "Lakini nitalitaka. Ndilo la pilau."

Sinia pana la alumini. Nikaona ni wazo la kitaalamu kabisa. Reli zilikuwa zimepangwa duara juu ya mkeka, nami nikalisukuma sinia chini ya ule upande ulioungwa waya, nikapanga vifaa vyangu humo. Skrubu nikazitia kwenye kifuniko cha chupa, kando ya reli.

Nikawasha. Balbu ikang'aa kama ya mkesha wa harusi. Shoti.

Nikaifungua mota. Nikasafisha brashi za kaboni. Nikawasha: shoti. Nikapima kwa mita, ikasoma ukinzani mdogo, lakini mota za aina hii hata zikiwa nzima husoma hivyo. Nikafungua magurudumu. Shoti. Nikafunika upya nyaya ambazo hazikuwa na kosa lolote. Shoti.

Mke wangu, aliyekuja kusaidia kukata vitunguu, akachungulia kutoka jikoni.

"Si ulisema ni kazi ya dakika kumi?"

"Nafuata utaratibu."

"Huo utaratibu umeanza kuota ndevu."

Mzee Salim akafika. Amevaa miwani nyeusi ya hospitali. Akaketi, akaelekeza uso wake upande wa reli.

"Sijamtazama mtu yeyote vizuri bado," akasema. "Hii miwani nitaivua nikisikia treni inalia. Endelea, fundi."

Nikaiweka treni relini, uchi, bila gamba lake. Nikakizungusha kitufe cha transfoma mpaka mwisho. Balbu ikang'aa. Treni haikutikisika.

Basi nikakubali. Nikamshika mzee mkono kwa mikono miwili, kama tufanyavyo msibani.

"Mzee wangu, nimejaribu kila kitu. Mota imeungua. Ilikuhudumia vizuri, lakini kila chombo kina siku yake..."

(Ndiyo, nilihutubu. Nilikuwa na sentensi nyingine tatu nzuri.)

Bi Zuhura alikuwa amesimama na sufuria mkononi, macho yamemlowa. "Basi yaishe. Pilau inapoa. Nipe sinia langu." Wala hakusubiri. Akainama, akalivuta.

Balbu ikafifia. Treni ikalia kama nyuki aliyetekenywa, ikaruka kwa kasi yake yote, ikazunguka nyuma ya mgongo wangu na kukipiga kile kifuniko cha chupa. Skrubu zote, zile nilizozilinda tangu asubuhi, zikamezwa na mkeka.

Bado nilikuwa nimeushika mkono wa mzee.

Reli za zamani zina vijiguu vya chuma vinavyochomoza chini. Vingine vinapeleka umeme, vingine vinaurudisha. Sinia lilikuwa limevikutanisha vyote. Hata siku moja, enyi wenzangu, sikuwaza kuiondoa treni na kupima reli peke yake. Na hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Huwa nawafundisha wengine.

"Fundi," Mzee Salim akasema, "marehemu amechoka kusikiliza hotuba."

Mke wangu akaketi sakafuni kwa kicheko. Mzee naye akavua miwani. Akaifuata treni kwa macho, raundi moja, ya pili. Kisha akaliokota lile gamba jekundu, akaligeuzageuza.

"Nilidhani rangi imetoka," akasema polepole. "Kumbe ni macho yangu."

Hapo nikapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Pilau niliila kwa raha ya mtu aliyeachiliwa huru.

Skrubu mbili bado zimo mkekani. Na mkinikuta Ziwani, niulizeni chochote kuhusu umeme, ila kwa hisani yenu, msinipakulie chakula kwenye sinia.