Kikombe cha Mwalimu Petraq

Jumatatu, 2 Juni
Andika ninavyosema, Liri mjukuu wangu, na usiongeze ya kwako. Leo nimemjua adui yangu: Mwalimu Petraq. Mjukuu nimemlea mimi, miaka kumi na mitano, halafu siri zake anazo yeye! Kengele ikilia wanafunzi hawatoki, wanabaki wanapiga naye soga. Sasa kamtia huyu kichwani shule ya muziki, mjini Korçë, ya kulala hukohuko. Majaribio ya kuingia ni Jumamosi. Na mimi nibaki na mbuzi?

Jumanne, 3 Juni
Nitakuwa rafiki kama mwalimu. Wanasema dawa yake ni kusikiliza tu. Nikamwambia Liri haya, sema, mwanangu. Akaanza kuhusu klarineti, zumari yake ile. Nikamkumbuka shemeji Llambi, alivyopiga klarineti harusini mpaka akatumbukia kisimani, tena kisima si chetu, cha wale waliotunyima ngazi... Kufika kwenye ngazi, Liri kalala.

Alhamisi, 5 Juni
Nimemwita mwalimu kahawa. Kijiji kizima wananiletea vikombe niwasomee bahati kwenye machicha ya kahawa. Nikachukua kilichofunikwa kwenye kisahani, nikakunja uso. Nikasema naona daraja, msichana, na mauti. Mwalimu kaniambia kwa adabu kwamba hicho ni changu. Chake kilikuwa mkononi, bado anakunywa.

Halafu akasema: "Bibi, Liri haogopi majaribio. Anaogopa kukuacha peke yako. Jana kaniambia haendi."

Nimeshinda! Sijui kwa nini kahawa sikuimaliza. Liri, futa macho, unalowesha daftari.

Jumamosi, 7 Juni
Ameenda kwenye majaribio. Nilimwambia mwenyewe aende, nikaongeza kwamba mbuzi wananitosha, ni waongeaji wazuri. Nikaenda naye. Mauti niliyatunga, najua, lakini kikombe si kilikuwa changu? Darajani nilimshika mkono huku, mwalimu kamshika kule. Kapiga vizuri. Mmoja wa wale wakubwa waliokuwa wanampima alikunja uso, nikamwambia, na wewe ukipiga nani amekusikia? Mwalimu kanitoa nje. Liri kachaguliwa!

Jumatatu, 15 Septemba
Leo anaandika Mwalimu Petraq, maana Liri yuko Korçë. Kaja mwenyewe baada ya vipindi, na daftari jipya. Nimemmwagia ya wiki nzima, hata mwayo hakupiga. Mtu wa maana sana, nilimwonea bure.

Sasa mpango. Kesho nampigia simu mkuu wa shule kule, namwambia nimevunjika kiuno, Liri arudishwe haraka. Muhimu Mwalimu Petraq asijue, ataniharibia.

Andika hivyohivyo, Mwalimu. Mbona umesimama?