Sheria ya Benchi la Soli

Redio ya Spana, fundi magari, ndiyo iliyoanzisha yote, na redio hiyo, kama mwenyewe, haijui kusema kwa sauti ya chini. Ilitangaza kwamba leo manispaa inaondoa mabenchi yote yanayokaliwa na "magenge ya wazururaji", likiwemo lile la nyuma ya posta, mbele ya fundi viatu.

Fundi viatu wa nyuma ya posta ni mmoja tu, naye huitwa Soli. Alikuwa na uzi mdomoni na kiatu gotini. Uzi ulibaki, kiatu kikaanguka.

"Genge," alisema Mwalimu, mstaafu ambaye kijiwe kizima humwita Wino Mwekundu kwa sababu husahihisha hata salamu. "Umri wote huu wa chaki na ubao, nije kuzeekea kwenye genge."

"Genge ni la wezi," alisema Mama Chane, akipanga ndizi zake mwishoni mwa benchi. "Sisi tumeiba nini, zaidi ya muda wetu wenyewe?"

"Mtangazaji huyo angekuwa hapa, angesimama," alisema Mwalimu.

Hiyo ndiyo sheria ya benchi, na wala haina rufaa. Ukiliita kundi la vitu kwa jina lisilo lake, unainuka, unasimama mpaka atokee mwingine akosee. Spana alikuwa amesimama tangu jana kwa kusema "lundo la nyuki", wakati hata nyuki wenyewe wanajua kwamba wao ni bumba. Jioni alikwenda kwake akalala, asubuhi akarudi akasimama palepale alipokuwa. Sheria ni sheria.

Soli hakucheka. Benchi hilo lilinunuliwa na marehemu mkewe, aliyekuwa akisema mteja aliyeketi hana haraka. Tangu azikwe, nyumbani kwa Soli kikombe ni kimoja na ukimya ni mwingi. Watu wake walikuwa hawa hapa, na bila benchi asingejua awaweke wapi.

"Basi niambieni sisi ni nini," alisema. "Wakija nikiwaambia hili si genge, wataniuliza ni kitu gani. Nijibu nini?"

"Jopo," alijibu Mwalimu bila kufikiri. "Jopo hukaa, likasikiliza, likaamua."

"Na sisi tumewahi kuamua nini?" aliuliza Mama Chane.

"Tuliamua Spana asimame."

"Kikosi," alisema Spana kutoka huko alikosimama. "Jina lenye nguvu. Wakisikia kikosi watarudi nyuma."

"Kikosi cha nini, baba? Juzi mbwa alibweka, wa kwanza kupanda juu ya benchi ukawa wewe."

"Nilipanda nimwone vizuri."

"Ulimwona umefumba macho." Mama Chane aliinua mkungu wake wa ndizi. "Sisi ni hiki hapa. Mkungu. Ndizi zake hazilingani: hii imeiva, hii bado mbichi, hii imenyauka," akamtazama Mwalimu muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, "lakini zote zimeshika mti mmoja."

"Mimi ndizi?" aliuliza Mwalimu.

"Basi kaa hivyohivyo, jopo la mtu mmoja."

Walicheka mpaka Spana akaegemea nguzo. Soli aliokota kiatu, akakipangusa vumbi.

"Mimi naona sisi ni tita la kuni," alisema. "Kamba yake ni hili benchi. Likiondoka, kila ukuni utashika njia yake, na mimi sitawaona tena."

Mama Chane aligeuza ndizi ambazo hazikuhitaji kugeuzwa. Kabla mtu hajapata mzaha wa kumsaidia, ofisa wa manispaa akatokea kwenye kona, sare imelowa jasho, na soli ya kiatu chake cha kulia ikipiga makofi kila alipokanyaga.

"Hili ndilo genge la nyuma ya posta?"

"Simama, kijana," alisema Mwalimu.

"Si nimesimama?"

"Basi endelea. Hapa aliyelikosea kundi jina haketi."

Spana hakungoja aambiwe. Aliketi, akapumua kama aliyetua gunia.

"Jamani, mimi nimetumwa," alisema ofisa. "Inukeni nichukue benchi."

Soli alimtazama miguuni. "Ulichukue uende nalo wapi na kiatu hicho? Hufiki hata barabarani, bwana. Kilete. Kukishona si kazi."

Ofisa alisita. Jua lilikuwa kali na mguu ulikuwa ukimuuma tangu asubuhi. Akavua. Kwa kuwa sheria ilimkataza kuketi, alishika nguzo akasimama kwa mguu mmoja, na Soli akaanza kushona kwa mwendo wa mtu anayedarizi kitambaa cha harusi.

"Kwani ninyi ni nini, kama si genge?" ofisa aliuliza.

Hapo alijiponza mwenyewe. Jopo, mkungu na kikosi vilimwagwa mbele yake kwa pamoja. Alijaribu kuwa mpatanishi.

"Labda ni umati."

"Umati haujuani," alisema Mama Chane. "Mimi nikikosa kuja siku moja, hawa wanafika kwangu kugonga mlango. Siku ile nina homa walinikamulia machungwa, Mwalimu akanisomea gazeti kutwa. Homa ilikimbia yenyewe."

Ofisa alicheka. "Na sisi wa manispaa, tukikaa tunaitwaje?"

"Mkikaa ni kawaida," alisema Spana, akimpa ndizi. "Siku mtakayoinuka ndiyo tutawatafutia jina."

Ofisa alicheka mpaka akapepesuka, Mwalimu akamdaka mkono. Wakati huo simu yake ikaita. Sauti ya mkubwa wake ilisikika na kijiwe kizima.

"Genge umeshalitawanya?"

"Sijaona genge hapa, mkuu."

"Sasa hizo kelele zote ni za nani?"

Ofisa aliwatazama. Mwalimu alikuwa bado amemshika mkono. Mama Chane alikuwa amemkazia Spana macho kwa sababu ya ndizi ile iliyotolewa bila ruhusa. Soli alikuwa amekumbatia kiatu kifuani, sindano imesimama hewani.

"Ni sisi tu, mkuu," alisema ofisa. "Hapa ni kwa fundi viatu. Benchi ni la wateja."

Alikata simu. Soli aliukata uzi kwa meno, akamrudishia kiatu bila kumtazama usoni, maana macho yake yalikuwa na maji.

Mwalimu alikohoa. "'Sisi'. Jina hilo sikuwahi kulifundisha," alisema. "Lakini kosa silioni."

Akasogea. Spana akasogea. Mama Chane akavuta ndizi zake, na nafasi ya mtu mmoja ikapatikana. Ofisa aliketi, akavaa kiatu cha kulia, kisha akainama akavua cha kushoto.

"Fundi, na hiki nacho kitazame."

Soli alikigeuza huku na huku. "Hiki ni kizima."

"Kitazame taratibu," alisema ofisa, akaanza kumenya ndizi yake.