Jinsi Nilivyoushinda Ushuru wa Motokaa Nyekundu

Jumatatu, 4 Agosti 1958

Mimi Kimaiyo arap Chumo. Miaka sabini na miwili, labda mitatu. Mama alisema nilizaliwa kabla ya reli. Sotoka ilimaliza ng'ombe wa baba, mimi haikunimaliza. Funza, nzige mara mbili, vita vya Mjerumani mara mbili, Makaburu wawili walioapa sitafika uzee. Wote wamekwisha. Mimi nipo, na meno tisa.

Kuandika nimejifunza mwaka jana, darasa la wazee kanisani. Naandika wajukuu wajue wametoka kwa nani.

Leo nimepata motokaa!

Nilikuwa njia ya Molo na kuni, mimi na ng'ombe wangu wanne wa kukokota, Blesi, Roiman, Witfut na Kaptula. Nikakuta Mbelgiji katika matope. Ametoka Kongo, anakwenda Mombasa kupanda meli. Motokaa yake nyekundu, viti viwili tu, haina paa, imelaza tumbo chini kama kiboko. Motokaa ya mashindano! Nikamwaga kuni, nikafunga minyororo, tukaivuta mpaka Nakuru. Mbelgiji alishika usukani njia nzima.

Fundi wa gereji akasema giaboksi imekufa na nyingine itatoka Ulaya kwa miezi miwili. Meli inaondoka Ijumaa. Mbelgiji akanitazama, akasema nikileta shilingi mia sita ni yangu.

Mungu hasahau watu wake. Jumamosi ya wiki ijayo mjukuu wangu Sally anaolewa. Na Obeid, fundi cherehani, jirani yangu hapa Bondeni, mwezi jana alimpeleka binti yake Khadijo kwa mume ndani ya Morris nyeusi ya kukodi. Tangu siku ile kila nikipita dukani kwake anauliza, Mzee Kimaiyo, Sally atakwenda kanisani juu ya kuni? Nikaapa mbele ya watu: Sally atafika kwa motokaa ambayo Nakuru haijaiona. Nikishindwa nitakaa arusini na watoto, na Obeid akalie kiti changu cha wazee.

Sasa acha aone!

Jumanne, 5 Agosti

Nimeuza ng'ombe wangu wawili wa maziwa. Mnunuzi ni Obeid. Mwenye haraka hachagui.

Mke wangu Chepchirchir aliuliza kama maziwa ya mursik ya arusi yatakamuliwa kwenye giaboksi. Nikamwambia haya ni mambo ya biashara. Akasema, "Baba Zeddy, tangu Makaburu wakufukuze kazini wewe ni mtu wa biashara." Hawakunifukuza. Tuliachana.

Mbelgiji alinieleza bei kabla ya kupanda treni. Motokaa hii imezaliwa Uingereza. Mwingereza akiinunua kwao, serikali yake inamkamua. Ikiuzwa nje, inatoka bila kulipa. Kongo wakaitoza kidogo. Hapa Kenya wanaitoza pesa nyingi. Bati ni lile lile, tairi ni zile zile! Ni kama msichana aliyesoma: kila akivuka mto mahari inapanda. Nilielewa yote mara moja. Mbelgiji alishangaa nilivyoelewa haraka. Kuhusu kulipa hakusema kitu, nami sikuuliza. Mtu hatafuti ugonjwa.

Jumatano, 6 Agosti

Ugonjwa umekuja wenyewe, kwa baiskeli. Ni Wamalwa, karani wa ushuru. Kijana mpole, ana kitabu kinene chini ya kwapa. Akasema Mbelgiji alikuwa na karatasi ya kupita tu. Motokaa ikipita, hailipi. Ikilala hapa kwa mwenyewe mpya, imehamia, lazima ilipiwe. Shilingi elfu mbili na zaidi. Mwisho Alhamisi ya tarehe kumi na nne, la sivyo serikali inaichukua.

Nikamwambia mimi nimenunua kwa mia sita, ushuru unawezaje kumshinda mama yake urefu? Akasema ushuru haufuati nilichotoa mimi. Unafuata thamani iliyo katika kitabu.

Nikamwomba aniuzie kitabu. Alikataa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata akili. Nitaivuta mpaka Uganda, niilipie kule kwa bei ya Waganda, nirudi nayo. Nikaenda ofisini kumwambia Wamalwa ajiandae kushindwa.

Alicheka mpaka akavua miwani. Kenya, Uganda na Tanganyika ni boma moja, lango moja. "Mzee, ukimtoa mbuzi sebuleni ukamfunga jikoni, amehama nyumba?"

Nilikuwa najua. Nilikuwa nampima.

Jumamosi, 9 Agosti

Mpango wa pili. Niliendesha magari ya Makaburu, ng'ombe kumi na sita kila gari, Nakuru mpaka Sergoit. Nilijifunza jambo moja: ng'ombe akionekana mgonjwa, bei inaanguka hata awe wa kifalme. Nimeipaka motokaa matope na majivu, nikafungia kuku watano ndani siku mbili. Ikawa inatia huruma. Mimi mwenyewe nilitaka kuitilia dawa.

Wamalwa akaizunguka mara moja. Akafungua kitabu. Akasema hakuna ukurasa wa kuku.

Kuku mmoja ametaga juu ya kiti cha abiria. Nimekula yai. Hakuna Mzungu wa Nakuru aliyewahi kula yai la kiti cha namna ile.

Jumatatu, 11 Agosti

Wamalwa mwenyewe aliponyokwa na neno: plau na trekta, vyombo vya shamba, vinaingia bila ushuru. Nani alimwambia aseme mbele yangu?

Nikafunga plau nyuma ya motokaa. Kwa kuwa motokaa haitembei, nikafunga ng'ombe wanne mbele. Nikamwita aone chombo cha shamba kikilima. Akauliza, mzee, hapa anayelima ni nani? Nikasema Blesi, lakini motokaa inasaidia kwa uzito.

Obeid alikuwepo, futi ya kupimia shingoni. Alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Akaniambia nisisahau, kiti changu atakiletea mto wake mwenyewe.

Jioni Sally alinishika mkono. Babu, akasema, kanisa si mbali, nitakwenda kwa miguu, usijitese. Nikamwambia, nyamaza, mama. Sikula.

Jumatano, 13 Agosti

Nilikaa mlangoni kwa Wamalwa tangu asubuhi. Nilimwambia juu ya sotoka. Nilimwambia juu ya Sergoit, mto kwa mto. Saa nane akapiga meza: "Mzee, mimi naandika motokaa! Kitu chenye injini! Kisicho na injini sina fomu yake!"

Alisema kwa hasira. Mimi nilisikia kwa furaha.

Fundi wa gereji na wanaume wanne waliing'oa injini na giaboksi. Nikazipeleka ofisini kwa ng'ombe wangu, nikaiachia serikali. Wamalwa alikuna kichwa muda mrefu. Kisha akaandika, akagonga mhuri: chuma chakavu, si motokaa, haina ushuru.

NIMESHINDA! Mbelgiji na elimu yake alilipa Kongo. Mimi sikulipa hata senti. Karatasi nimeitia kwenye fremu ya picha ya shemeji.

Jumamosi, 16 Agosti

Arusi.

Nimeosha motokaa mpaka ikang'aa. Pembe za ng'ombe nimezipaka mafuta, kila shingo kengele. Sally ndani, shela nyeupe, mama yake, binti yangu Zeddy, kiti cha pili. Mimi juu ya boneti, kiboko mkononi. Bondeni nzima walitoka! Wanawake walipiga vigelegele mpaka Roiman akajaribu kulala chini. Morris ya Obeid mwezi jana ilipita kama mwizi, nani alimwona Khadijo? Sisi tulichukua saa nzima na robo. Hakuna jicho la Nakuru lililomkosa Sally. Na Sally alicheka njia nzima, tangu nyumbani mpaka mlango wa kanisa, ambapo bwana arusi Kipkemei alisahau kufunga mdomo.

Kwenye chakula nikaenda kukalia kiti changu. Obeid amesimama mbele yake, na mto. Akasema mzee aliapa motokaa. Nikasema, na ile nini, mbuzi? Wazee wakamwita Wamalwa, maana nilimwalika mwenyewe aje ashuhudie ushindi wangu. Wakamwuliza: ile ni motokaa?

Wamalwa alinitazama kwa huruma. Akasema anaweza kusema tu alichogonga mhuri.

Nikasema mhuri unaweza kukosea. Chepchirchir, mke wangu kwa miaka arobaini, akaenda nyumbani akarudi na fremu.

Nimekaa na watoto. Ni mahali pazuri, karibu na sufuria ya nyama. Niliwaambia juu ya Sergoit, na hakuna aliyenikatiza. Wazee walikunywa chai kwa maziwa aliyoleta Obeid, madebe mawili. Ng'ombe ni wangu. Kwa hiyo mimi ndiye niliyewalisha.

Jumapili, 17 Agosti

Desemba anaolewa mjukuu wa pili, Chepkorir. Dereva wa lori kutoka Mai Mahiu amenidokeza: Mgiriki wa Naivasha anauza mashua ya mbio, ina injini, nyeupe. Nimepita kwa Wamalwa kumsalimu, kitabu kikiwa wazi mezani. Sikuona ukurasa wa mashua. Na hakuna mtu Bondeni aliyewahi kufika kanisani kwa mashua! Kwa ng'ombe wanne ni siku mbili tu kutoka Naivasha. Nimemwapia Obeid leo, mbele ya watu.

Chepchirchir ameficha minyororo.

Anayebisha haya yote amwulize Wamalwa, ana mhuri. Amwulize Sally alivyocheka. Amwulize Blesi, yeye alivuta. Obeid pia aliona, lakini huyo aulizwe habari za Morris tu.