Kampuni Kubwa Haiachwi Nyuma

Jumatatu, 3 Machi 2025

Habari mbaya. Madam Roseline, mkuu wa chuo chetu hapa Homa Bay, ametangaza mkutanoni kwamba tunaachana na programu ya seva ya ile kampuni kubwa. Anasema masharti yamebadilika na msaada hauji. Ijumaa atakuja mtaalamu kutoka Migori na programu ya bure. Mtaalamu mwenyewe ni Emmah. Nilimfundisha mimi, darasa la 2011, alikaa karibu na dirisha.

Nimerudi nyumbani nikakitazama ukutani cheti nilichopewa na kampuni hiyo. Mwaka 2009 tulikuwa na seva sita, kompyuta za kutunza kazi zote za chuo, na chumba chao kilikuwa na joto kama jiko la mandazi. Kwa programu yao nikazitia zote ndani ya kompyuta moja, ikajifanya sita. Mkuu wa wakati huo akaita walimu wote waje kuona. Nilivaa tai. Mpishi naye akaja, akachungulia nyuma ya meza kutafuta zile tano zimeenda wapi. Siku hizo watu walijua kustaajabu.

Kampuni kubwa haiachwi nyuma. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Jumanne, 4 Machi

Nimewaandikia watu wa kampuni waje kujitetea. Jibu likaja dakika hiyohiyo, limeandikwa na mashine, likinishukuru kwa uvumilivu wangu. Nikampigia Ondieki, wakala wao aliyekuwa akituletea kalenda na kofia kila Januari. Kumbe aliacha kazi miaka minne iliyopita. Anafuga samaki Rodi Kopany. Tulikumbushana vyakula vya semina za Kisumu nusu saa nzima. Nimemwomba aje Ijumaa kama wakala. Amekubali. Koti la kazi bado analo.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango umeiva. Yatakuwa mashindano: nani ataamsha seva zake sita kwanza. Programu ya kampuni nimeiweka kwenye mashine mpya, pamoja na alama za mitihani za wanafunzi wote, ionekane inabeba kazi ya kweli. Emmah nimemtengea ile kuukuu ya stoo. Si hila. Mgeni hachagui kiti.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi. Emmah alifika mapema, akanisalimia kwa mikono miwili, akaomba dakika kumi na mashine zote mbili. Nikampa. Nilidhani anaogopa.

Tukaanza. Ya kwake, juu ya ile kuukuu, iliamka kabla Ondieki hajamaliza kufunga vifungo vya koti, maana samaki wamemnenepesha. Yangu ikadai leseni mpya. Nikaandika ya zamani mara tatu. Ikajifunga, na alama za wanafunzi mia tatu humo ndani.

Madam akamuuliza Ondieki kampuni itatuma msaada lini. Ondieki ni mzee wa kanisa, hakuweza kudanganya. Akasema yeye mwenyewe alingoja mwaka mzima wajibu barua yake ya kuacha kazi.

Nikaanza kufikiria nitamwambia nini mke wangu. Hapo Emmah akatoa flashi mfukoni. Alama zote zilikuwemo. Alizinakili kabla hatujaanza.

"Wewe ndiye ulinifundisha, mwalimu," akasema. "Toa nakala kwanza, ndipo uguse."

Nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kusema hivyo. Nikatoka nje kidogo. Darasa la 2011 lilikuwa darasa zuri.

Jumatatu, 10 Machi

Madam amenisamehe, kwa sharti nifundishwe programu mpya na Emmah. Tumekaa siku nzima, chai mara mbili. Ni programu tamu sana. Emmah ameonya kwamba hii nayo siku moja itapitwa, niwe tayari kuhama tena. Nikaitikia kwa heshima. Bado mtoto, hajaona mengi. Mimi nimeona ya kutosha: hii haitapitwa na chochote.

Jioni nimemwita fundi achore jina la programu hii kwenye mlango wa chumba cha seva, rangi ya mafuta, kila herufi futi moja. Aliuliza kama aanze kwa penseli. Nikamwambia hakuna haja.