Diski ya Baba Mkwe Kwanza

Jumapili, 3 Machi

Mke wangu kaondoka asubuhi kwenda semina ya walimu. Siku tano. Alirudi mlangoni mara mbili. Mara ya kwanza: nisisahau kumwagilia maua. Mara ya pili: nisiguse kompyuta. Humo ndimo ulimo mswada wake, kitabu cha kusoma cha darasa la kwanza, kazi ya miaka miwili. Jumamosi saa sita mchana lazima uwe mezani kwa mhariri, la sivyo nafasi anapewa mwandishi mwingine. Nikamwambia aende kwa amani. Mimi ni mtunza stoo, mwaka wa kumi na saba huu. Kitu kikiwa mikononi mwangu hakipotei! (Mapipa mawili ya rangi hayahesabiwi. Ule ulikuwa wizi.)

Saa nne nikatoka kuanika nguo. Jirani yangu ni fundi redio. Mtaa mzima unamwita Injinia kwa sababu ambayo hakuna anayeikumbuka. Akachungulia juu ya ukuta, akaniambia kwamba kompyuta yake sasa ina diski mbili. Sikuuliza. Akarudia. Mbili. Kisha akataka kujua yangu ina ngapi. Nikasema nimeacha maji jikoni, nikaingia ndani.

Sikuwa nimeacha maji yoyote. Nilikuwa na hasira tu.

Nimepata wazo. Baba mkwe ana kompyuta ya zamani anayoandikia kumbukumbu zake za uenyekiti wa chama cha wastaafu. Wiki iliyopita alilalamika kwamba inajikokota. Niko likizo. Kesho nitakwenda kuitibu.

Halafu nimefuta flashi ya mke wangu ili nibebee mechi zangu za mpira. Ilikuwa na kitu kimoja tu, kimeandikwa "mswada mwisho kabisa". Si upo kwenye kompyuta! Kuweka kitu kilekile sehemu mbili ni kujaza stoo bure.

Jumatatu, 4 Machi

Kazi imekwenda kama nilivyopanga. Nimemwamkia mzee, nimefungua kasha la kompyuta yake kwa bisibisi, nimekunja uso kama daktari. Nikamwambia diski imechoka, inahitaji mapumziko ya wiki moja nyumbani kwangu. Mzee akauliza kama diski huwa zinachoka. Nikasema zinafanya kazi bila likizo, unategemea nini? Akasikitika kweli. Akaifunga mwenyewe kwenye leso yake.

Nyumbani. Ndani ya kompyuta yetu kuna matundu mawili ya kuchomekea diski, yamepigwa namba kabisa, moja na mbili. Ya mke wangu ilikuwa kwenye la kwanza. Hapo nikasita. Diski ya baba mkwe, mtu aliyenipa mke, ikae tundu la pili? Nyuma ya binti yake? Hapana. Mimi nimelelewa. Nikaihamishia ya mke wangu la pili, ya mzee nikaiweka la kwanza. Kabla ya hapo nilizifuta zote mbili kwa kitambaa chenye maji kidogo, maana mgeni hupokewa pasafi. Kikaratasi chenye mwandiko wa mke wangu, "YANGU", kikabanduka. Si kitu.

Nimewasha. Imekuja picha ya baba mkwe. Suti, tai, hacheki. Chini yake: andika neno la siri.

Picha ya harusi yetu, ile ambayo mimi nimefumba macho, haipo. Mswada haupo. Hakuna chochote! Nikazima, nikawasha. Mzee yupo. Nikazima, nikangoja dakika kumi, nikawasha kwa ghafla bila yeye kutegemea. Yupo vilevile, na safari hii niliona kama amenuna zaidi.

Mke wangu kapiga simu kuulizia maua. Nikasema yanaendelea vizuri.

Jumanne, 5 Machi

Diski ya baba imeimeza ya binti. Sioni maelezo mengine.

Nimemwuliza Injinia kwa kuzunguka, kama habari za rafiki yangu mmoja. Akacheka. Akasema huyo rafiki yangu kaweka diski mbili zenye mifumo miwili, na kompyuta inaanza na ile iliyopewa zamu ya kwanza. Azibadilishe nafasi tu. Dakika mbili. Nikamshukuru kwa niaba ya rafiki yangu, nikaondoka. Dakika mbili! Janga kama hili? Huo ni wivu. Hataki mtu mwingine mtaani awe na mbili.

Dawa ni neno la siri. Nimejaribu "mwenyekiti". Nimejaribu "hekima", "heshima", "busara", "wastaafu". Wapi! Mchana nikachukua paketi ya majani ya chai, nikaenda kwa mzee mwenyewe. Nikamwuliza kwa upole alizaliwa tarehe ngapi. Mama yake aliitwa nani. Ni kitu gani anakipenda kuliko vyote duniani. Majibu nikawa nayaandika kwenye kikaratasi.

Mzee akaweka kikombe chini. Akasema presha yake iko sawa, moyo uko sawa, na shamba limeshaandikwa kwa wanawe wote wanne. Kwa hiyo kama nimekuja kwa ajili hiyo, nimewahi sana. Nikaapa sikuja kwa ajili hiyo. Akasema wote huapa.

Hakunisindikiza. Majani ya chai alibaki nayo.

Jumatano, 6 Machi

Nimefanya uamuzi mzito: mzee atoke. Nikazichomoa diski zote mbili, nikazilaza mezani nizitazame vizuri. Zinafanana! Rangi moja, ukubwa mmoja, na vumbi nililifuta mwenyewe. Kile kikaratasi kingesaidia. Basi nikatumia uzoefu wa kazini, nikaamua kwamba ya kushoto ni ya mzee. Ya kulia nikairudisha peke yake, tundu la kwanza. Nikawasha.

Baba mkwe. Suti, tai.

Nimekaa sakafuni kwa muda. Kumbe mzee hayumo tena kwenye diski, kahamia kwenye mashine nzima! Nimefikiria pia uwezekano kwamba nimechanganya kushoto na kulia. Nimeukataa. Miaka kumi na saba ya stoo, jamani.

Lililobaki ni kufuta nyayo. Ile ya kushoto nikaifunga kwenye leso ya mzee, nikampelekea, nikaichomeka mahali pake, nikafunga kasha. Nikamwambia imepona, ila asiiwashe hadi kesho asubuhi, bado ina usingizi. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. Akauliza kama safari hii ndiyo nimekuja kuhusu shamba.

Simu. Mke wangu kauliza kama nimegusa kompyuta. Nikasema sijaigusa tangu mchana. Akauliza mchana upi. Nikasema yaani tangu Jumapili. Akakata simu.

Jumapili nayo nisingeitaja.

Alhamisi, 7 Machi

Hakuna njia nyingine: nitakiandika upya kitabu mimi mwenyewe, kwa mkono. Kuna ugumu gani? Ni cha watoto wa darasa la kwanza. Nimechonga penseli tatu, nimekaa mezani saa mbili asubuhi.

"Palikuwa na kuku."

Mpaka saa tano nilikuwa bado hapo. Najua kuna kuku. Kuna mvua pia. Kuku anapoteza kitu, au anakipata. Miaka miwili mke wangu amekuwa ananisomea kila ukurasa mpya, kwenye meza hii hii, na mimi naitikia "vizuri sana" huku natazama mpira. Mabao yote nayakumbuka. Nakumbuka hata kadi za njano. Ya kuku sikumbuki.

Naogopa. Kelele zake siziogopi, yeye si mtu wa kelele. Naogopa atakavyokaa mbele ya ile skrini bila kusema neno, mikono mapajani. Alikaa hivyo siku alipokosa nafasi mara ya kwanza, na mimi nilitoka nje nikajifanya natengeneza bomba.

Jioni baba mkwe kapiga simu. Sauti yake haikuwa ya kawaida. Kauliza binti yake anafika saa ngapi kesho, ana jambo la kuzungumza na sisi sote wawili. Shamba hilo! Hili nalo lingengoja.

Maua yamekauka. Nilisahau kuyamwagilia.

Ijumaa, 8 Machi

Saa tisa karudi. Akawasha kompyuta hata viatu hajavua. Baba yake akamtazama kutoka kwenye skrini. Akaniuliza, polepole kabisa, baba anafanya nini humo. Nikasema ni habari ndefu. Akatoa flashi yake kwenye droo, akaitazama kwenye kompyuta ndogo ya semina. Mabao kumi na manane. Akakaa. Mikono mapajani.

Nikaanza kueleza. Nilikuwa nimefika kwenye diski kuchoka, mlango ukagongwa. Baba mkwe mwenyewe. Suti na tai ile ile! Nikatazama skrini, nikamtazama yeye, nikaona bora nikalete maji ya kunywa. Mke wangu akasema nisiende popote.

Mkono mmoja mzee alishika leso yake, mwingine bahasha nene. Akasema jana aliwasha kompyuta yake, haikumwomba neno la siri. Ikamletea binti yake na shela, kando yake mwanamume amefumba macho. Akadhani ndiyo matibabu yenyewe. Kisha akaona kitabu, akakisoma chote, akakirudia chote, chakula cha mchana kikapoa. Akakichapa. Mahali pawili palipokosa nukta kapazungushia kalamu nyekundu. Akasema yule kuku ni marehemu mama yake mtupu, anavyotembea, anavyogomba. Binti alimjulia wapi, na bibi yake alifariki kabla yeye hajazaliwa? Mke wangu akasema ni yeye baba aliyemsimulia, alipokuwa mdogo, siku za mvua.

Mzee alikuwa amesahau. Akainua leso afute macho, diski ikateleza. Nikaidaka! Hakuna atakayelisema hili, kwa hiyo naliandika hapa: niliidaka, kwa mkono mmoja.

Kabla ya lolote mzee akataka kuhakikisha kumbukumbu zake ziko salama. Akaandika neno lake la siri hapo hapo mbele yangu, kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine. M. K. W. E. M. V. I. V. U. Ikafunguka.

Ningejaribu mwaka mzima nisilipate.

Kisha mke wangu akazima, akachukua bisibisi, akaweka yake tundu la kwanza na ya baba yake la pili. Harusi, mimi nimefumba macho, mswada. Nilitazama saa. Dakika mbili. Injinia hataambiwa.

Akaniuliza kwa nini niliiweka ya baba yake kwanza. Nikajibu kwa unyenyekevu kwamba ni heshima. Mzee akaniuliza yeye akija kwetu huwa analala chumba gani. Nikasema cha wageni. Akaniuliza kama amewahi kulalamika.

Jumamosi, 9 Machi

Mswada umefika saa tano na nusu. Mhariri kasoma kurasa za mwanzo papo hapo, kacheka mahali pa kuku. Wanakichapa! Na wanataka cha pili. Mke wangu kashika mkono wangu njia nzima kurudi, kwa hiyo nadhani nimesamehewa. Ukurasa wa shukrani una jina la baba yake. Langu nimelitafuta mara tatu, huenda wameliacha kwa kukosa nafasi.

Mzee kachukua diski yake. Mke wangu kafunga kasha la kompyuta kwa utepe wa gundi, ubavu mzima, akaandika juu yake USIGUSE. Nimemwambia hakuna haja. Mtu niliyepitia haya nimejifunza.

Jumapili, 17 Machi

Injinia kaongeza. Sasa ana tatu. Kachungulia juu ya ukuta kuniambia, mara mbili.

Mke wangu kaanza kitabu cha pili, tayari sura nne. Kesho anakwenda kwa mhariri, atarudi jioni. Gundi yake nimeichunguza: iko ubavu wa kushoto tu, na kasha lina mbavu mbili.

Nimempigia baba mkwe, nimemwambia diski yake naona kwa mbali imeanza kuchoka tena. Nimempigia pia dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu, naye ana kompyuta. Nayo inajikokota, masikini. Nitapitia zote mbili asubuhi.

Funzo la mzee sikulisahau. Mgeni akae tundu la pili, basi mzee atakaa la pili. La kwanza nampa shangazi, ambaye kiumri ni mkubwa kuliko sisi sote. Matundu yamekwisha hapo, lakini ya mke wangu ndiyo changa, haitaona vibaya kungoja kabatini. Kabati nimeshalifuta vizuri kwa kitambaa.