Yatima wa Moduli Yangu

Jumatatu, 11 Machi
Nimemwambia mama mimi ndiye kiongozi mpya wa kikundi. Bado sijawa. Ni suala la siku tu! Bosi wetu Mongi, ambaye kwa heshima tunamwita Si Mongi, kasema cheo atapewa yule ambaye moduli yake, yaani kipande chake cha programu, ikichomolewa kwenye kiini cha mfumo wa ruta za intaneti, itarudisha nafasi yote ya kumbukumbu iliyochukua. Tunashindana wawili, mimi na Olfa. Yangu hairudishi yote, inavuja kama pakacha. Olfa kauliza kama nahitaji msaada. Msaada wa nini? Nimemwambia ashughulike na yake.

Jumanne, 12 Machi
Kuziba ni kazi ngumu. Mimi nina akili. Programu ya ukaguzi husaka vipande vya kumbukumbu ambavyo hakuna anayeshika anwani zake. Basi! Nimezihifadhi anwani zote ndani ya moduli yangu. Ukaguzi safi kabisa. Nimejipongeza kwa bakuli la lablabi, supu ya dengu, yenye mayai. Mama kapiga simu: majirani wote wamealikwa kula kuskusi Jumapili kusherehekea cheo changu.

Jumatano, 13 Machi
Balaa! Si Mongi kaichomoa moduli mbele ya watu. Ikatoka na anwani zake. Vipande vikabaki yatima, skrini ikajaa maonyo. Olfa kauliza, "Hedi ndugu yangu, tukuitie fundi bomba?" Hata Si Mongi kacheka. Kanipa mpaka Ijumaa.

Alhamisi, 14 Machi
Sikati tamaa. Anwani zinahitaji makao mengine. Moduli ya Olfa! Alipokwenda kula nimezipachika humo. Yangu ikichomolewa, yake itazishika. Yake ikichomolewa, aibu ni yake. Leo najipenda sana.

Ijumaa, 15 Machi
Yangu imechomolewa: safi! Nikaanza kuwashukuru wazazi. Ikachomolewa ya Olfa: yatima tele. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Kumbe ukaguzi hutaja pia jina la amri iliyoomba kila kipande! Si Mongi akasoma kwa sauti: hedi_bingwa_omba. Hedi_bingwa_omba. Mpaka chini kabisa. Cheo kapewa Olfa.

Jumapili, 17 Machi
Majirani wamenipongeza mmoja mmoja. Mama kalia kwa furaha. Nilitaka kumwambia ukweli, nikashindwa. Nimekaa chumbani nikatafakari kwa makini nilipokosea, na nimepajua. Majina! Kesho nayabadilisha yote: olfa_omba.