Posa ya Mfukoni

Jumatatu, 4 Machi 2019

Redio mpya za upepo zimefika hotelini. Mimi nimewekwa mezani, kwenye mtambo. Silima, mlinzi mwenzangu, kabaki getini na uso kaukunja. Shauri yake.

Bi Fakhriya, mkuu wetu wa ulinzi, katuonesha jambo. Nikibonyeza namba ya redio yoyote, kipaza sauti chake kinafunguka huko huko iliko. Haiwaki taa, haitoi mlio. Aliyeibeba hajui. Ni kwa ajili ya mlinzi aliyevamiwa au kuanguka. Kasema mara mbili kwamba si kwa umbea. Mara zote mbili alikuwa akinitazama mimi.

Jumanne, 5 Machi

Nimemfungua Silima. Kwa majaribio tu. Anamwambia mtunza bustani kwamba Khairiya wa Msuka hawezi kuolewa na mtu kama mimi, nisiyeweza kungoja hata chai ipoe. Mwongo mkubwa. Ulimi nimeungua, lakini hilo ni jambo jingine.

Alhamisi, 7 Machi

Kesho baada ya Alasiri Ami Matano anakwenda kwa Mzee Ngwali kuniposea binti yake Khairiya. Mposaji mwenyewe haendi, ndiyo mila. Sasa nitajuaje wanayonisema? Ami naye akirudi haelezi kitu mpaka kwanza asimulie alivyokula.

Nimempa redio. Nimemwambia ni ya kuitia gari la kumrudisha. Kaitia mfukoni mwa koti, akanishukuru kwa kumjali.

Ijumaa, 8 Machi

Imefanya kazi. Nilisimama mapokezi na kisikilizio kisicho na waya sikioni, nawakaribisha wageni, na huku nasikia vikombe vya Msuka. Ami kanisifu. Nasali, sina makuu, mtulivu, msiri. Machozi yalinilengalenga. Nikarudi mezani, mbali na kelele za wageni, nisipitwe na jibu.

Mzee Ngwali kanyamaza. Kisha kasema wamesikia, watatujibu. Posa zote hujibiwa hivyo siku ya kwanza, hata mtoto anajua. Lakini kule kunyamaza! Nikaona nampoteza. Nikabonyeza kitufe cha kusemea, nikasema: Ami, waongezee pesa za mkaja wa mama yake.

Sauti yangu ikatoka kwenye koti la ami, juu kabisa. Na kwenye redio za walinzi wote.

Halafu nikamsikia Mzee Ngwali akiuliza bwana mposaji kakaa mfuko gani, wa kulia au wa kushoto, naye apelekewe kahawa.

Jumamosi, 9 Machi

Ami kaja asubuhi, hata kuketi hataki. Kasema kaposea nusu ya watu wa huku na hajawahi kuumbuliwa na koti lake. "Weye mtoto weye, na miye nshakusifu kuwa u msiri!"

Bi Fakhriya kanihamishia getini. Mezani kakaa Silima. Siku nzima naogopa hata kupiga chafya karibu na redio.

Jumanne, 12 Machi

Jibu limekuja. Mzee Ngwali kasema mtu asiyewaamini wazee wake, mke atamwaminije? Nilikaa chini mchangani. Iliniuma kweli.

Lakini Khairiya kamwambia mama yake ananitaka. Kwa sharti moja: niape kwamba sitamsikiliza kwa siri, yeye wala watu wake. Nimeapa mbele ya ami, mkono juu ya msahafu. Nimelia bila haya. Nampenda yule binti.

Alhamisi, 14 Machi

Wamekubali. Ndoa Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha, inshallah.

Leo nimempelekea Khairiya simu, zawadi. Nimeitengeneza mwenyewe kabla ya kuifunga, ili nijue yuko wapi wakati wote. Hilo ni pendo, na kiapo hakikulitaja. Kama sauti nayo inakuja humo humo, mimi sikuiita.